YURI GAGARIN: DOGO WA KIJIJINI ALIYEKUWA WA KWANZA KULA ANGANI

Leo naomba tuweke pembeni siasa na mpira. Kuna ubishi ulizuka kijiweni kwetu, umeme umekatika, tumekaa tu tunasubiri urudi. Jamaa mmoja fundi simu akadai kwamba wanaanga hawali chakula kabisa, wanachomwa sindano za vitamini basi. Sababu yake ni kwamba kule juu hakuna kinachovuta vitu kwenda chini, kwa hiyo ukimeza tonge la ugali haliwezi kushuka. Litakwama kooni au litarudi mdomoni. Watu wakacheka, ila nikaona hakuna hata mmoja mwenye jibu la maana. Na mimi sikuwa nalo. Nikawaahidi nitaenda kusoma halafu nitaandika, na leo natimiza ahadi.

Kwanza nikiri kitu. Nikiwa darasa la tano niliwahi kulifanyia jaribio swali hili bila kujua. Nilining'inia kwenye tawi la mwembe wa bibi, miguu juu kichwa chini, mdogo wangu akanilisha kipande cha muhogo wa kuchemsha. Nikatafuna, nikameza, muhogo ukapanda mpaka tumboni kama kawaida. Tatizo likaja bibi alipotoka jikoni na mwiko mkononi... hiyo ni stori ya siku nyingine.

Nilichokuwa sijui ni kwamba miaka mingi kabla sijazaliwa, kulikuwa na madaktari wazima na vyeo vyao waliokuwa wanaumiza kichwa kwa swali hilo hilo. Na aliyewajibu hakuwa profesa. Alikuwa kijana wa miaka 27, mtoto wa fundi seremala wa kijijini, ambaye utotoni alishaijua shida ya chakula vizuri sana. Jina lake Yuri Gagarin. Wengi tunamjua kwa sentensi moja tu ya mtihani: mtu wa kwanza kwenda anga za juu, mwaka 1961. Mimi naomba leo tumfuate kupitia sahani yake, kwa sababu ukifuata chakula ndiyo unaona jinsi jamaa alivyokaribia kutorudi.

Gagarin alizaliwa Machi 9, 1934 katika kijiji cha Klushino, magharibi ya Moscow, katika nchi iliyokuwa inaitwa Umoja wa Kisovieti. Baba yake, Alexei, alikuwa seremala na mwashi. Mama yake, Anna, alifanya kazi upande wa ng'ombe wa maziwa. Wote walikuwa kwenye shamba la pamoja la serikali, kitu ambacho wazee wetu wa Tanzania wangekifananisha na shamba la ujamaa. Watoto walikuwa wanne: Valentin, Zoya, Yuri na Boris. Maisha ya kijijini tu, kama unavyoyajua.

Mwaka 1941 dogo ndiyo kwanza ameanza shule, vita vikafika. Wanajeshi wa Ujerumani wa Hitler wakaingia Klushino, wakaichoma shule na nyumba nyingi za kijiji. Nyumba ya akina Gagarin ikachukuliwa na ofisa wa jeshi. Wenye nyumba wakaambiwa watajua wenyewe pa kulala. Basi wakajichimbia kibanda cha udongo nyuma ya nyumba yao, kama mita 3 kwa 3, familia nzima ikabanana humo. Waliishi hivyo zaidi ya mwaka mzima, wakivumilia na ile baridi ya Urusi ambayo si mchezo.

Sasa sikia upande wa chakula. Wanakijiji walilazimishwa kulima ili kuwalisha wanajeshi waliowavamia. Anayekataa anapigwa au anapelekwa kambini. Yaani wewe ndiye unayelima, mlaji ni mwingine! Mdogo wake Yuri, Boris, alinyongwa kwa skafu yake mwenyewe kwenye mti wa tufaha na askari mmoja mkatili, akaokolewa bado yuko hai. Kaka Valentin na dada Zoya wakakamatwa na kupelekwa mbali kufanyishwa kazi za utumwa, wakarudi nyumbani vita vilipoisha mwaka 1945. Yuri mwenyewe alikuwa anawahujumu Wajerumani kitoto toto, anatia uchafu kwenye betri za vifaru vyao. Hebu fikiria, mtoto wa miaka 8.

Klushino ilikombolewa mwaka 1943. Mwaka 1946 familia ikahamia mji mdogo wa jirani, Gzhatsk. Dogo akarudi shule, na hapo ndipo penye funzo kwa sisi tuliomaliza form four tukaambiwa ndoto zimeishia pale. Gagarin hakwenda moja kwa moja kwenye shule za wakubwa. Akiwa na miaka 16, mwaka 1950, alikwenda kusomea ufundi kwenye kiwanda cha vyuma pale Lyubertsy, karibu na Moscow. Kazi yenyewe ilikuwa ya kusubu, yaani kuyeyusha chuma na kukimimina kwenye kalibu. Ni kazi ya moto na jasho. Jioni akawa anasoma. Alipofaulu, akapelekwa chuo cha ufundi katika mji wa Saratov, kando ya mto Volga, kusomea mambo ya matrekta. Ili apate hela ya kujikimu alikuwa anabeba mizigo kwenye gati la mtoni.

Huko Saratov kulikuwa na klabu ya kujifunza kurusha ndege. Dogo akajiunga. Ndege ilikuwa ndogo, na Gagarin alikuwa mfupi, sentimita 157 tu. Alipokuwa anatua alikuwa haoni vizuri mbele, ikabidi akalie mto ili ainuke kidogo. Hata alipoingia chuo cha marubani wa jeshi huko Orenburg mwaka 1955, kutua kulimsumbua hadi akanusurika kufukuzwa. Mwaka 1957 akahitimu, akamuoa Valentina, wakapangiwa kituo cha baridi kali karibu na mpaka wa Norway. Wakajaliwa watoto wawili wa kike, Yelena na Galina. Galina alizaliwa Machi 1961, mwezi mmoja tu kabla baba yake hajaondoka duniani kwa dakika 108. Mtakumbuka hilo tukifika mbele.

Mwaka 1960 marubani 20 wakachaguliwa kwa siri kwa kazi ambayo ilikuwa bado haina jina mtaani. Ule ufupi uliomtesa sasa ukawa mtaji, kwa sababu chombo chenyewe, Vostok, kilikuwa ni duara la chuma lenye upana wa mita 2.3 hivi. Wakubwa walitaka watu wadogo na wepesi.

Sasa turudi kwenye tumbo. Kabla ya binadamu walirushwa mbwa. Laika, mwaka 1957, aliwekewa chakula kilichogandishwa kama jeli ili kisitawanyike. Yeye hakurudi. Agosti 1960 mbwa wawili, Belka na Strelka, walizunguka dunia siku nzima na wakarudi hai. Lakini kwenye picha za kamera, Belka alionekana anahangaika na kutapika kwenye mzunguko wa 4. Madaktari wakaogopa. Kama mbwa ametapika, je binadamu? Anaweza kumeza mate yake? Akipaliwa na punje ya chakula akiwa peke yake, nani atampiga mgongoni? Wasiwasi huo ulichangia uamuzi wa kwamba mtu wa kwanza azunguke dunia mara 1 tu, basi, arudi.

Waliogopa mpaka akili yake. Usukani ulifungwa kwa namba ya siri, 1-2-5, ikawekwa kwenye bahasha ndani ya chombo. Hesabu yao ilikuwa kwamba kama mtu amechanganyikiwa hataweza kuisoma, na kama yuko sawa ataifungua. Wakubwa wake wakamnong'oneza namba hiyo kabla hajaondoka, maana walimpenda na walijua bahasha inaweza kumchelewesha.

Mafunzo nayo yalikuwa noma. Moja ya mitihani ilikuwa kufungiwa peke yako kwenye chumba kisicho na sauti, siku 10 na zaidi, usijue saa wala usiku na mchana. Unakula mwenyewe, unapasha chakula chako kwenye jiko dogo la umeme. Machi 23, 1961, mwenzao mdogo kuliko wote, Valentin Bondarenko, miaka 24, alikuwa humo. Hewa ya chumba ilikuwa imeongezwa oksijeni. Alijifuta ngozi kwa pamba yenye spiriti pale palipobandikwa vipimo vya madaktari, akaitupa pamba bila kuangalia, ikadondokea kwenye lile jiko la umeme. Kwenye oksijeni nyingi moto hauna mswalie mtume. Mlango ulichelewa kufunguka kwa sababu ya tofauti ya mgandamizo wa hewa. Kijana akafariki siku hiyo hiyo. Habari zake zikafichwa kwa umma mpaka miaka ya 1980. Zilikuwa zimebaki wiki tatu pungufu kabla ya safari ya Gagarin.

Niliposoma hapo nikasimama kidogo. Sisi tunaona mwanaanga anatabasamu kwenye picha. Kumbe hata kuchemsha maji kulikuwa na bei yake.

Chakula chenyewe kilikuwaje? Nenda kaangalie dawa ya meno nyumbani kwenu. Ndivyo hivyo. Walitumia tyubu za chuma laini za gramu 160, unafungua kifuniko, unaweka mdomoni, unaminya. Ndani kuna nyama iliyosagwa mpaka ikawa uji, au mchuzi wa chokoleti. Waliamua hivyo kwa sababu kitu kilicho ndani ya tyubu hakiruki. Hakuna sahani ya kupinduka, hakuna punje ya kuingia puani au kwenye mitambo. Siku za mwisho kabla ya safari Gagarin alilishwa chakula hicho hicho cha tyubu ili tumbo lizoee. Asubuhi ya Aprili 12, 1961, yeye na mwenzake wa akiba, Gherman Titov, walistaftahi nyama ya kusagwa, jemu ya zabibu nyeusi ndogo za kwao na kahawa. Hakuna aliyewakaangia mayai.

Sasa hapa ndipo pa kusoma taratibu. Safari ilipangwa kuwa saa 1 na dakika 48 tu. Mtu wa safari ya namna hiyo hahitaji hata karanga za njiani. Lakini ndani ya Vostok kulikuwa na chakula na maji vya siku 10! Kwa nini?

Jibu ni kwamba injini ya kupunguza mwendo ili arudi duniani ilikuwa moja tu. Haikuwa na ya akiba. Ikigoma, Gagarin anabaki anazunguka. Wahandisi wakapiga hesabu: wakimweka kwenye njia ya chini kiasi, ile hewa nyepesi iliyoko huko itakuwa inakikwaruza chombo kidogo kidogo, kinapoteza mwendo, na ndani ya siku kama 10 kitaanguka chenyewe. Kwa hiyo wakampa chakula cha siku 10. Zile tyubu hazikuwa za kifungua kinywa, wadau. Zilikuwa ndiyo bima yake.

Mkuu wa wahandisi, Sergei Korolev, alizungumza naye kwa redio akiwa ameshafungiwa juu ya roketi. Kumbukumbu za mazungumzo hayo zipo. Mzee alimkumbusha kwamba kwenye mfuko wake kuna chakula cha mchana, cha jioni na cha asubuhi, kuna soseji, peremende na jemu ya chai, akamtania kwamba atarudi mnene. Gagarin akamjibu kwa utani kwamba muhimu ni soseji iwepo, ya kusindikizia gongo. Mzee akashtuka maana mitambo ilikuwa inarekodi kila kitu. Watu wawili hao walikuwa wanajua kabisa maana ya chakula kile, na ndiyo maana walikuwa wanacheka. Sisi wenyewe si tunacheka hivyo hivyo tukiwa na hofu?

Saa 3 na dakika 7 asubuhi kwa saa za Moscow roketi ikawaka. Ikapanda vizuri. Vizuri kupita kiasi, maana injini ilisukuma zaidi ya ilivyopangwa, na Vostok ikaingia kwenye njia ya juu zaidi, mahali pengine ikafika kilomita 327 kutoka ardhini. Huko hewa ni chache zaidi. Maana yake ile hesabu ya siku 10 ilikuwa imeshavunjika. Kama injini ya kurudia ingegoma, chombo kingeanguka baada ya siku nyingi zaidi ya hizo, na chakula kingemwishia akiwa bado anazunguka, anaangalia dunia dirishani. Mtoto aliyelima chakula kikaliwa na wengine angeweza kufa njaa sehemu ambayo hakuna jirani wa kugongea.

Hakulijua hilo. Alikuwa anafanya kazi yake. Penseli yake ilimponyoka, ikaelea, ikapotea. Na kama alivyoagizwa, akafungua tyubu, akaminya, akameza. Nyama ya kusagwa, kisha mchuzi wa chokoleti. Akanywa na maji. Akaripoti kwamba hakuna tatizo lolote, kula na kunywa kunawezekana.

Basi ndiyo hivyo. Fundi simu wangu wa kijiweni alipewa jibu lake mwaka 1961. Chakula hakishuki tumboni kama jiwe linavyoshuka kisimani. Koo ni bomba lenye misuli, linabana nyuma ya tonge na kulisukuma mbele, kama wewe unavyominya tyubu. Ndiyo maana muhogo wangu ulipanda pale mwembeni. Halafu kuna kosa la pili kwenye hoja yake. Kule alikokuwa Gagarin mvuto wa dunia haukuwa umeisha, bado ulikuwepo mwingi tu. Isipokuwa chombo, mtu, penseli na tyubu vyote vinakwenda kwa kasi na kuanguka pamoja kuizunguka dunia, kwa hiyo hakuna kinachomkalia mwenzake. Ndiyo vinaelea.

Injini ya kurudia ikawaka kama ilivyotakiwa, sekunde 40 hivi, chombo kikiwa kinaikaribia pwani ya magharibi ya Afrika, upande wa Angola. Na hapa Afrika yetu inaingia kwenye stori. Baada ya injini kuzima, lile duara alilokaa lilitakiwa kuachana na sehemu ya mitambo. Halikuachana vizuri. Nyaya ziling'ang'ania. Chombo kikaanza kuzunguka kama pia, kichwa chini miguu juu, na kupitia kidirisha Gagarin akawa anaona Afrika, kisha upeo, kisha anga nyeusi, kisha Afrika tena. Ilichukua dakika kama 10 hadi joto la kuingia kwenye hewa likaziunguza nyaya na vile vipande viwili kuachana. Muda wote huo babu zetu walikuwa mashambani hawana habari.

Akiwa kilomita 7 kutoka ardhini kiti chake kikafyatuliwa nje, akashuka kwa parachuti yake mwenyewe. Siri hiyo nayo ilifichwa kwa miaka. Akatua shambani karibu na mji wa Engels, ng'ambo ya mto Volga ukitokea Saratov. Yaani mkoa ule ule alikobeba mizigo gatini na kujifunza ndege akiwa amekalia mto! Na watu wa kwanza kukutana naye ni mama mmoja wa kijijini na mjukuu wake waliokuwa kwenye shamba lao la viazi. Wakamwona mtu wa rangi ya chungwa mwenye kofia kubwa nyeupe, wakataka kukimbia. Ikabidi awatulize kwamba yeye ni mwenzao wa Sovieti, na anatafuta simu. Ametoka kwenye chakula cha tyubu, ametua kwenye viazi.

Baada ya hapo maisha hayakuwa yake tena. Aliondoka ni luteni, akarudi ni meja. Alitembezwa nchi zaidi ya 20. Julai 1961 alikuwa Uingereza. Manchester walimwalika wasubu vyuma wenzake kupitia chama chao cha wafanyakazi, mvua inanyesha, na yeye akapita kwenye gari la wazi ili watu wamwone. Siku chache baadaye akala chakula cha mchana na Malkia Elizabeth II kwenye jumba la Buckingham. Mwaka 1962 alifika Misri. Kila nchi ni karamu, kila karamu ni glasi. Mwili ukaanza kunenepa, mazoezi yakalegea, yakaja na matatizo ya mtu anayependwa na kila mtu. Sitaki kumsafisha jamaa, alikuwa binadamu. Ila najiuliza, mtu aliyelala kwenye shimo la mita 3 kwa 3 akiwa na njaa, siku moja anawekewa meza ya kifalme, utamlaumu kiasi gani?

Mwenyewe alitaka kurudi angani. Alijirudi kwenye mazoezi, akapewa unaibu wa mkuu wa kituo cha kufundishia wanaanga, akarudi darasani kusomea uhandisi. Mwaka 1967 aliwekwa kuwa mtu wa akiba wa rafiki yake Vladimir Komarov kwenye chombo kipya, Soyuz 1. Aprili 24, 1967 parachuti ya Komarov ikashindwa kufunguka sawasawa, akafa. Baada ya hapo wakubwa hawakutaka tena kumhatarisha Gagarin. Mtu wa kwanza kwenda angani akazuiwa kwenda angani.

Wakamruhusu ndege za kawaida. Machi 27, 1968 alipaa na mwalimu wake, Vladimir Seryogin, kwa ndege ya mafunzo aina ya MiG-15. Ikaanguka msituni, mkoa wa Vladimir, wote wawili wakafa. Sababu zimebishaniwa miaka na miaka. Alikuwa na miaka 34. Galina, yule mtoto mchanga wa mwaka 1961, alikuwa na miaka 7 tu. Majivu yake yakawekwa kwenye ukuta wa Kremlin, na mji wa Gzhatsk ukabadilishwa jina, ukaitwa Gagarin.

Tuangalie alichokiacha jikoni. Miezi minne baada yake, Agosti 1961, Titov alikaa angani zaidi ya saa 24, akala zaidi ya mlo mmoja, na yeye ndiye wa kwanza kutapika huko. Kwa hiyo madaktari wale hawakuwa wajinga, wasiwasi wao ulikuwa na maana. Februari 1962 Mmarekani John Glenn akaminya tufaha lililopondwa kutoka kwenye tyubu. Mwaka 1965 John Young akaficha sandwichi ya nyama mfukoni, akaitoa angani mbele ya mwenzake Gus Grissom. Chembe za mkate zikaanza kuelea, wakairudisha haraka, na kurudi duniani ikawa kesi. Mkate ndiyo adui, kwa sababu chembe inaingia kwenye jicho au kwenye mitambo. Suala hilo alilipatia dawa nzuri Rodolfo Neri Vela wa Mexico, mwaka 1985, alipobeba chapati za kwao. Chapati haimwagi chembe! Tangu hapo wanaanga wa Marekani wamekuwa wakizipenda kuliko mkate.

Kwenye kituo cha kimataifa cha angani, ambako watu wamekuwa wakiishi bila kukatika tangu Novemba 2000, siku hizi wanakula kama watu. Vyakula vingi vimekaushwa kwenye pakiti. Unaingiza maji ya moto, unasubiri, unakata, unakula kwa kijiko. Chakula chenye majimaji kinajishikilia kwenye kijiko chenyewe. Chumvi na pilipili manga ni za maji, kwa sababu unga ungewapofua. Maji yenyewe mengi ni yaliyosafishwa upya, mkojo ukiwemo, usikunje uso. Na wengi wanaomba pilipili kali, maana damu na maji ya mwili vinapanda kichwani, pua zinaziba kama mtu mwenye mafua, chakula kinakosa ladha. Agosti 2015 wakala hadharani mboga za majani walizozilima wenyewe huko huko juu. Wakalima wao, wakala wao. Nilimkumbuka mtoto wa Klushino.

Kwa hiyo kijiweni nitawajibu hivi: ugali ungefaa kabisa, unashikana, hauna chembe, unameza bila shida. Pilau kavu ndiyo ingekuwa soo, mngekimbizana na punje mpaka asubuhi. Wali wa nazi wa kushikana unaweza kupita.

Haya, najua wengine dakika zenu zinaelekea kuisha. Kabla hujafunga dirisha acha maoni yako hapo chini. Kama ungepewa mfuko mmoja, ukaambiwa hiki ni cha siku 10 na injini ni moja tu, ungeweka nini ndani? Bibi yangu mimi nilishamuuliza. Kasema muhogo, na nikale nimekaa.